Siku Hidaya Alipoanza Adabu

Asubuhi ile Rehani alishuka ziwani na pampu begani. Alipofika mbele ya banda la Hidaya muuza samaki alipunguza mwendo kidogo, kama alivyofanya miaka yote, ili atukanwe. Asiyejua mambo ya huku atashangaa mtu mzima mwenye wajukuu kupunguza mwendo ili atukanwe. Basi ajue kwamba Rehani ni Mluguru na Hidaya ni Mnyamwezi, na makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za mababu. Babu yake Hidaya alikuja kukata mkonge upande wa Kingolwira, akazoea, akaoa, akazikwa hapahapa, lakini ukoo wake haukusahau kazi yake mbele ya Mluguru, ambayo ni kumdhihaki kila anapoonekana. Mtani anaweza kuingia uani kwako akabeba kuku akaenda zake, na ukikasirika aibu ni yako wewe mwenye kuku.

Rehani akasubiri kuambiwa anatembea upande, mguu mmoja juu mmoja chini, kwa kuwa Mluguru hata kwenye tambarare anapanda mlima. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake ya kila siku. Hidaya akainua uso kutoka jikoni kwake, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Habari za asubuhi, kaka Rehani," akasema. "Pole na kazi."

Rehani akageuka nyuma kuangalia kama kuna kaka Rehani mwingine. Hapakuwa na mtu. Akajaribu kuchokoza, akamuuliza kama michembe, vile viazi vikavu vya kwao Tabora, imemkwama kooni, na Hidaya akajibu kwa upole kwamba hapana, anashukuru, yuko salama kabisa. Rehani akaendelea na safari, na pampu aliyoizoea ikawa nzito begani.

Ziwa lenyewe linaitwa Chamgoma. Wageni kutoka mjini huliita bwawa, na wenyeji huwasamehe. Zamani lilifika hadi kwenye barabara ya misheni, na watu wa umri wa Rehani wanakumbuka kuruka majini kutoka kwenye jiwe ambalo leo mbuzi wanalilalia, mbali kabisa na maji. Kijito kinacholilisha hutoka Uluguru, lakini kikifika bondeni kinakuwa kimeshagawiwa sana. Wakulima wa kabichi na karoti huko juu wametega mipira yao, na miti iliyokuwa ikishika unyevu imegeuka mkaa. Ukimuuliza mtu wa ziwani nani analimaliza ziwa, atakuonyesha mlimani. Wa mlimani atakuonyesha wachoma mkaa, na mchoma mkaa atakuonyesha Mafiga na mitaa mingine ya mjini wanakopikia. Kila mmoja ana kidole, na kila kidole kinaelekea kwa mwenzake.

Na hapo hatujawataja wenye bustani, ambao Rehani ndiye mkubwa wao kwa umri. Maji yalipokuwa yakirudi nyuma yaliacha tope jeusi, na tope lile huotesha nyanya za kujisifia mpaka sokoni. Basi kila maji yaliposogea, bustani nazo zilisogea. Hakuna aliyejiona anafukuza ziwa, kila mtu alikuwa anafuata maji tu. Ukafika kiangazi hiki, kikali kuliko vingine, maji ya pembeni yakaisha, na mpira wa Rehani ukaanza kunyonya hewa na matope. Akauvuta mpaka Chunguni. Ndivyo wanavyopaita pale katikati penye kina, ambapo maji hayajawahi kukauka hata miaka ya njaa. Wenzake walipouona mpira wake pale, Twalibu akavuta wa kwake, Abdulswamad naye, na yule kijana Frank aliyekodi shamba akitokea mjini akaleta pampu inayonguruma kushinda zote.

Hidaya aliendelea na adabu. Kesho yake akamuuliza Rehani hali ya mke na wajukuu, na siku iliyofuata akampisha njia. Rehani akaona amtege. Akapita bandani, akachukua samaki mnono kutoka kwenye sinia, akaanza kutafuna papo hapo bila kuomba, kosa ambalo siku nyingine lingemfanya akimbizwe na mwiko mpaka kwenye matete. Hidaya akamtazama tu.

"Chukua na mwingine, kaka," akasema, "uwapelekee watoto."

Samaki akamshinda kumeza. Akairudisha nusu kwenye sinia, jambo la aibu kwa mtu wa rika lake, akaondoka.

Ilimuuma, na sababu ya kumuuma ilikuwa ya zamani. Mama yake Rehani alipofariki, Hidaya ndiye aliyekuja msibani kama mtani. Alivaa kanga ya marehemu amejifunga kinyume, akashika bakora yake, akawa anazunguka akiwagombeza waombolezaji kwa sauti ileile ya mama, kwamba wanalia vibaya na uji umeungua. Wachimba kaburi walipotaka kuanza, akalala palepale pa kuchimba, akagoma kuondoka mpaka apewe jogoo. Rehani, ambaye alikuwa hajafungua kinywa tangu mauti yaingie nyumbani, alijikuta anacheka mpaka kamasi zinamtoka, na kicheko kile ndicho kilichofungua machozi. Jambo hilo hakuwahi kumshukuru, kwa sababu mtani hashukuriwi. Alimtukana zaidi tu, na Hidaya alielewa.

Mkewe Sabra ndiye aliyemfumbua macho. Walikuwa wanapanga nyanya kwenye tenga, mbovu chini nzuri juu, na Rehani akawa analalamika kwamba Mnyamwezi yule ameingiwa na nini, kumpa mtu heshima mbele za watu bila kosa. Sabra hakucheka. Akamwambia kwamba ziwani wanawake wote wanajua isipokuwa yeye. Hidaya ameshatuma vyombo vyake Dumila kwa binti yake, Furaha, anayeuza chakula pale njiapanda magari yanaposimama. Anahama.

"Anakuaga," Sabra akasema. "Mtu anayeondoka haachi utani umening'inia. Anaufunga kwa adabu, kila mtu abaki na amani yake."

Rehani akashika nyanya mkononi asijue aiweke upande gani. Ndipo yakaanza kumrudia maneno. Wiki ile alipovuta mpira kwenda Chunguni, Hidaya alimjia shambani akamwambia kwamba akipanyonya Chunguni atakuwa amemaliza samaki wote, naye atahama. Yeye Rehani akamjibu ahame leoleo, atamsaidia kufunga mizigo. Watu wakacheka. Akaja tena siku nyingine, amesimama kwenye tuta bila hata tabasamu, akasema safari hii anasema kweli. Na Rehani, mbele ya Twalibu na wenzake, akasema siku Mnyamwezi akisema kweli mwezi utadondoka. Watu wakacheka zaidi. Sasa alikumbuka kwamba Hidaya peke yake ndiye hakucheka, na alikumbuka alivyoondoka bila kugeuka.

Hakusubiri chai. Jua lilikuwa bado linaning'inia juu ya mlima alipofika bandani, akamkuta Hidaya anamwaga majivu. Alikaa kwenye gogo bila kukaribishwa, akasema amesikia habari za Dumila. Hidaya akasema ni kweli, na Mungu akipenda Ijumaa atakuwa huko.

"Ulinihadharisha nikadhani utani," Rehani akasema.

"Najua. Kwa mdomo huu wa utani nisingesikika hata ziwa lingekuwa linawaka moto. Ndiyo maana nimeuacha."

"Basi niambie tena. Nasikiliza."

Hidaya akaweka chombo chini, akaketi. Alisema taratibu, bila kupamba. Chunguni ndiko walikojibanza perege wakubwa na kambale wote waliosalia, wamebanana kwenye maji ya kifuani. Hao ndio mbegu. Pampu zikiendelea hivi hawatafika mvua za vuli. Watu wanasema mvua ikinyesha ziwa litajaa tena kama zamani, na huenda ni kweli, litajaa.

"Maji yatarudi, Rehani. Samaki hawashuki na mvua."

Lile jina tupu, bila kaka, lilimgusa Rehani kuliko alivyotarajia. Akataka kusema mambo mengi ya busara kuhusu ziwa, na kilichomtoka mdomoni kikawa ni kile kilichokuwa kinamchoma.

"Ukienda Dumila," akasema, "mimi nitazikwa na nani?"

Hidaya akamtazama, na pembe za mdomo wake zikaanza kumshinda nguvu.

"Na nyanya zako," akasema.

Rehani aliinamisha kichwa akacheka, huku akijua kwamba amechekeshwa lakini hajasamehewa. Akasema kesho atautoa mpira wake Chunguni. Hidaya akasema vizuri, na Twalibu je? Na Abdulswamad? Na yule mwenye pampu ya kunguruma? Watafurahi sana, watakunywa na fungu lake. Rehani alijua ndivyo itakavyokuwa. Yeye si mwenyekiti wa kitu chochote. Mkutano ulishaitishwa, kibao cha kukataza kulima kandokando ya maji kilishasimikwa, na kazi yake tangu siku ile ni ng'ombe kujikunia mbavu. Akiwasihi wenzake watamwambia amezeeka.

Wakatazama maji. Kisha Rehani akasema, kama anayejisemea mwenyewe, kwamba mtani ana haki ya kubeba kuku.

"Kuku gani tena?"

"Kuku, jembe, chochote. Wewe si mtani wangu peke yangu. Ni mtani wetu Waluguru wote hapa ziwani. Na pampu haiendi bila plagi, injini haiwaki."

Hidaya alimwelewa kabla hajamaliza, akaanza kutikisika mabega. Lakini Rehani akainua kidole, akasema kuna sharti. Wavuvi wa Chunguni humuuzia nani? Kama pampu zitalala, na sinia lake la samaki lilale. Kicheko kikakatika. Kwa Hidaya samaki ndiye sabuni, ndiye ada za wajukuu, ndiye kila kitu. Aliangalia sinia lake, akalipangusa na ncha ya kanga ingawa lilikuwa safi, halafu akasema haya, atakaanga muhogo mpaka mvua, na wavuvi wakikosa wa kumuuzia watatafuta vibarua kama watu wengine.

Kulipokucha, ziwa zima lilipata sinema ya bure. Hidaya alishuka na spana mkononi, amevaa kofia ya pama na buti za mpira, amefunga ndoo mgongoni kwa kanga iwe tangi, anatembea upande mguu mmoja juu mmoja chini, ananguruma kama pampu iliyomeza tope. Akaanzia kwa Rehani. Akamzunguka, akamkoholea usoni, akasema amesikia huku kuna Waluguru waliomaliza mlima kwa kuukwea, sasa wameshuka kumaliza ziwa kwa kulinywa. Kisha akainama, akafungua plagi, akaiweka kifuani. Rehani alisimama kando mikono nyuma. Nyanya zake zilikuwa zimeanza tu kugeuka rangi, na alijua anachokiaga.

Twalibu alicheka mpaka akakalia tuta lake mwenyewe, na kicheko kilipoisha plagi yake ilikuwa imeondoka. Abdulswamad alijaribu kuifunika pampu na tenga, akavuliwa tenga na plagi pamoja. Mmoja alitaka kununa, wenzake wakamtazama tu, na mnuno ukaisha wenyewe. Hidaya alizitunga plagi kwenye kamba akazivaa shingoni. Akatangaza kwamba ni shanga zake za arusi, hazirudi mpaka mvua ya kwanza iingie ziwani, na kabla ya hapo mtu amwagilie kwa maji anayoweza kuyabeba kichwani.

Akafika kwa Frank, naye Frank akaweka mkono juu ya pampu. Alisema kwa heshima, shikamoo ikatangulia, kwamba yeye mambo ya utani hayamhusu. Baba yake ni wa Moshi. Mtu akigusa mashine yake anakwenda polisi, na hapo hatanii. Hidaya akaishusha spana yake, kwa sababu kijana alikuwa na haki. Na Rehani aliona wazi kwamba pampu ile moja ikibaki inanguruma, kufikia mchana wote watadai plagi zao, na Ijumaa Hidaya atapanda basi.

Akamsogelea kijana, akamuuliza mama yake ni mtu wa wapi.

"Mama? Kwao Matombo, huko mlimani Uluguru," Frank akasema. "Si ndiyo maana nilikuja kulima huku."

Kilichofuata kilikuwa kelele. Watu wazima walipiga makofi, Abdulswamad alirusha kofia juu, na Twalibu akaenda kumkumbatia Frank kama mtu aliyerudi kutoka vitani. Frank akawa anageuka huku na huku haelewi amesema nini. Ikabidi Rehani amweleze kwamba kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na baba awe wa Moshi au wa mwezini ni mgeni aliyekaribishwa vizuri. Yeye Frank ni Mluguru halisi, wa ndani kabisa. Kijana hakuamini, akampigia mama yake simu, akaweka sauti kubwa ili wote wasikie jinsi wanavyodanganya. Mama alisikiliza, akauliza huyo mtani ni Mnyamwezi kweli, akaambiwa ni Mnyamwezi. Alicheka mpaka simu ikakoroma. Halafu akamwambia mwanawe aondoe mkono pale upesi, asimtie aibu mbele ya wajomba zake, na jioni ampelekee huyo mama kuku.

Frank akaondoa mkono. Plagi yake ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, na Hidaya akaiweka katikati ya mkufu.

Sitaki kudanganya kwamba mambo yalikwenda kwa raha. Watu walibeba maji kwa ndoo na makopo mpaka shingo zikauma, na ndoo haifiki pale mpira ulipokuwa unafika. Matuta ya juu ya Rehani yalianza kunywea, majani yakajikunja, nyanya zikabaki ndogo na ngumu. Kila asubuhi alikwenda kuyatazama na kila asubuhi yalimuuma upya. Sabra alimkataza asiende, akamwambia ashughulikie matuta ya chini yaliyo hai. Kulikuwa na siku alitamani kwenda kuiba plagi yake mwenyewe. Lakini Chunguni maji yaliacha kushuka kwa kasi ile, na jioni kulipotulia ungeona kambale anapanda juu, anavuta pumzi, anarudi chini. Rehani alizoea kusimama pale kidogo kabla ya kwenda nyumbani.

Ijumaa ilifika, na Hidaya hakupanda basi. Alimwita Rehani bandani, akamwambia kwamba karai lake kubwa liko Dumila kwa Furaha, na bila karai hakuna muhogo. Rehani akasema vizuri, amtume mtu. Hidaya akasema ndiyo anamtuma mtu sasa hivi, au kuna mtu mwingine amekaa kwenye gogo lake? Basi mzee mzima akaenda Dumila, akachukua karai lile jeusi kuliko sufuria ya msibani, akapita nalo katikati ya wauza vitunguu na mahindi ya kuchoma, wakimuuliza kama ameachika kapewa na vyombo. Furaha alimsindikiza mpaka kwenye gari akiwa amejishika mbavu. Rehani hakujali. Wakati wa kurudi aliliweka magotini, likamchafua kanzu yote, na njia nzima alikuwa anatabasamu peke yake mpaka abiria wa jirani akaangalia dirishani.

Sabra alikuwa ameshatuma muhogo kutoka shamba la juu. Hidaya akaliinjika karai, akamimina mafuta, akakata muhogo vipande vinene. Watu wa bustani wakaja mmoja mmoja, wamelowa maji ya ndoo, wakakaa kuzunguka moto wakisubiri. Mbingu juu ya Uluguru ilikuwa nyeupe, haina hata wingu la kubahatisha, na kila mtu aliiangalia.

Kipande cha kwanza Hidaya alikitoa kinachuruzika mafuta, akakitia chumvi na pilipili, akamnyooshea Rehani mbele ya wote.

"Kula, wewe Mluguru uliyekauka kuliko ziwa," akasema. "Na usinifie kabla ya mvua, maana sina nafasi ya kukuzika."

Rehani aliupokea muhogo kwa mikono miwili, akautia mdomoni ukiwa moto vilevile. Ulimi ukaungua na machozi yakamtoka, naye akaendelea kutafuna.